Rombo hadi uzamifu wa historia: bei ya kubisha hodi na bei ya kuingia

Mwalimu wa mkataba katika sekondari ya msingi nchini Kenya hulipwa shilingi 20,000 kwa mwezi. Mwanafunzi wa uzamifu wa historia katika Chuo Kikuu cha Princeton, kwa nyongeza ambayo chuo hicho kilitangaza Januari 2022, alipewa posho iliyokaribia dola 40,000 kwa mwaka, na karo yake yote ililipwa na chuo. Kwa kiwango cha shilingi 129 kwa dola, posho hiyo ni shilingi 5,160,000. Mwalimu wetu angehitaji miezi 258 kuzipata, yaani miaka 21 na nusu, bila kula wala kupanda gari.

Ukilitazama pengo hilo kwa haraka utasema mlango huu haukuwekwa kwa ajili ya mtoto wa Rombo. Wengi husema hivyo, na mara nyingi walimu wao ndio huwatangulia kusema. Hesabu yangu imenipeleka kwingine. Kubisha hodi kunagharimu pesa kidogo kuliko watu wanavyodhani. Kuandika kurasa 25 za kumfanya profesa asiyekujua aitikie "karibu" kunagharimu zaidi kuliko wanavyodhani, na gharama hiyo ni ya muda zaidi ya fedha. Pesa nzito, zile zinazowazuia watu safari ikiwa imeiva, huhitajika baada ya kukubaliwa, katika miezi ambayo basari zetu haziitazami.

Rombo ninayoizungumzia ni ya Kenya: wadi moja kati ya tano za eneo bunge la Kajiado Kusini, chini ya Kilimanjaro, ikipakana na Wilaya ya Rombo ya Tanzania. Kutoka huko hadi Nairobi ni zaidi ya kilomita 200, ukipitia Loitokitok na Emali. Kitengela iko pembe nyingine kabisa ya kaunti hiyohiyo, kilomita 30 hivi kutoka katikati ya Nairobi. Sensa ya 2019 iliikuta na watu 154,436, karibu mtu mmoja kati ya kila saba wa Kajiado yenye watu 1,117,840. Naziweka pamoja kwa sababu ya kazi yenyewe. Rombo ndiko waliko wazee, mpaka, mito na mashamba yanayosubiri kuandikwa. Kitengela ndiko aliko binamu mwenye chumba cha ziada, na asubuhi ukipanda matatu kutoka hapo unaingia kwenye nyaraka za Nairobi kabla ya saa nne.

Vitabu vya Umaasai viliandikwa wapi

Anayetaka kujua historia ya Umaasai wa Kajiado atakutana mapema na majina machache. Richard Waller alikamilisha tasnifu yake kuhusu Wamaasai wa karne ya 19 Chuo Kikuu cha Cambridge mwaka 1979. Mwaka huohuo John Berntsen alikamilisha yake Wisconsin, kuhusu ufugaji, uvamizi na maloiboni, yaani watabiri wa Kimaasai. Mwaka 1992 Marcel Rutten, msomi wa Uholanzi, alichapisha utafiti mkubwa kuhusu jinsi ardhi ya Kajiado ilivyogeuka kutoka mali ya jamii kuwa mali ya mtu mmoja mmoja, kati ya 1890 na 1990. Lotte Hughes alitoa kitabu chake mwaka 2006 kuhusu kuhamishwa kwa Wamaasai baada ya mikataba na Waingereza ya 1904 na 1911, kazi iliyotokana na masomo yake Oxford. Mwaka 2007 Esther Mwangi, Mkenya aliyesomea Indiana, akatoa chake kuhusu ranchi za kikundi za Kajiado, ardhi ya pamoja ya wafugaji, na jinsi zilivyogawanywa.

Kazi tano, na hata moja haikuandikwa na mtu aliyezaliwa Rombo. Sisemi hivyo kwa lawama, maana kazi hizi ni nzuri na bila hizo tungekuwa gizani. Nazitaja kwa sababu kamati ya udahili inayosoma ombi lako inazijua, na itataka kuona utaongeza nini juu yake. Hapo ndipo mtu wa Rombo ana mtaji ambao hauuzwi popote.

Tazama mpaka. Kuna hadithi inayosimuliwa shuleni hadi leo kwamba Malkia Victoria alimzawadia mjukuu wake, Kaisari wa Ujerumani, mlima Kilimanjaro, ndiyo maana mstari wa mpaka ukapinda. Tarehe zinaikataa. Waingereza na Wajerumani waliafikiana kuhusu mstari huo Novemba 1886, na Wilhelm wa Pili hakuwa Kaisari hadi Juni 1888. Mkataba wa Julai 1890 ulikuja kukamilisha mambo mengine. Hadithi ikishaondoka, swali lenyewe linabaki mezani: watu waliojikuta pande mbili za mstari huo, wenye soko moja, ndoa za kuvuka na maji yanayotoka mlima mmoja, waliutumiaje, waliukwepaje, na lini ulianza kuwauma? Mwanafunzi anayesikia Kimaa, Kiswahili na Kiingereza, na pengine Kichaga cha jirani, anaweza kulijibu kwa namna ambayo mgeni atahitaji miaka mingi kuikaribia.

Au tazama ranchi za kikundi. Sheria ya wawakilishi wa vikundi, iliyoziwezesha, ilipitishwa mwaka 1968. Ranchi ya Kitengela iligawanywa mwishoni mwa miaka ya 1980, na leo unaona matokeo yake kwenye nyua za mawe na mabango ya ploti. Upande wa Loitokitok mambo yalikwenda polepole zaidi, kisha Sheria ya Ardhi ya Jamii ya 2016 ikazitaka ranchi zilizobaki zisajiliwe upya kama ardhi ya jamii. Sajili za wanachama na kumbukumbu za mikutano ya kamati zilizokuwa kwenye masanduku ya majumbani sasa ni ushahidi. Mzee akifariki na sanduku likachomwa, hakuna chuo duniani kitakachozirudisha.

Njia ya nyumbani

Mwaka 2024 watahiniwa 962,512 walifanya mtihani wa KCSE, na 246,391 wakapata C+ au zaidi, kiwango cha chini cha kuingia chuo kikuu. Ni mmoja kati ya wanne. Kwa mfumo wa 8-4-4, aliyevuka hapo husoma shahada ya kwanza miaka minne, uzamili miwili, na uzamifu usiopungua mitatu kwa viwango vya Tume ya Elimu ya Vyuo Vikuu, CUE. Jumla, tangu darasa la kwanza, ni miaka 21 ikiwa hakuna kilichochelewa, na kila mara kuna kinachochelewa.

Nairobi, Kenyatta, Moi, Maseno na Egerton zote hufundisha historia hadi ngazi za juu. Sharti la kwanza ni uzamili, kisha pendekezo la utafiti, kisha msimamizi aliye tayari kukuchukua. Wengi huhangaikia pendekezo na kusahau msimamizi, ilhali msimamizi ndiye anayebana nafasi.

Hesabu ni hii. Viwango vya CUE vya 2014 vinamruhusu mhadhiri kusimamia wanafunzi wa uzamifu wasiozidi watatu kwa wakati mmoja, na kila mwanafunzi anapaswa kuwa na wasimamizi wasiopungua wawili. Chukua idara yenye wahadhiri wanane wenye uzamifu. Wanane mara tatu ni nafasi 24 za usimamizi. Gawa kwa mbili, maana kila mwanafunzi anachukua mbili: wanafunzi 12. Kila mmoja akimaliza kwa miaka mitatu, idara itapokea wapya wanne kila mwaka. Akimaliza kwa miaka sita, wapya ni wawili. Wawili, kwa nchi nzima inayoitazama idara hiyo. Kila mwanafunzi anayekawia anamfungia mlango mtu ambaye hata hajatuma ombi.

Kiwango hicho hakikuwekwa bure. Juni 2019, Chuo Kikuu cha Jomo Kenyatta cha Kilimo na Teknolojia kilipotunuku uzamifu watu 118 katika mahafali moja, mjadala uliwaka nchi nzima na CUE ikaingia kuchunguza jinsi walivyosimamiwa. Tangu hapo idara zimekuwa makini zaidi na hesabu ya wasimamizi. Kwa mwombaji, maana yake ni kwamba kumwandikia mhadhiri mapema na kumuuliza kama ana nafasi kuna uzito zaidi kuliko karatasi yoyote utakayoambatisha. Kabla ya kuhitimu utatakiwa pia kuwa umechapisha makala mawili katika majarida yaliyopitiwa na wataalamu. Anayeijua kanuni hiyo mwaka wa kwanza huandika sura zake zikiwa tayari na sura ya makala, na anayeisikia mwaka wa nne hukaa mwaka wa tano akisubiri wahariri.

Pesa? Tukadirie karo ya uzamili shilingi 300,000 na ya uzamifu 400,000 kwa muda wote, kiasi ambacho kwa vyuo vya umma hakijatia chumvi. Jumla 700,000, yaani mishahara 35 ya mwalimu wetu wa mkataba. Kibali cha utafiti cha NACOSTI ni kidogo: shilingi 2,000 kwa Mkenya wa uzamifu. HELB, bodi ya mikopo ya elimu ya juu, imewahi kutangaza ufadhili wa hadi 200,000 kwa uzamili na 450,000 kwa uzamifu, nao ukipatikana hubeba sehemu kubwa ya mzigo. Tatizo la njia hii ni kwamba hakuna posho ya kuishi. Mwanafunzi anasoma huku akifundisha, utafiti unafanywa likizo ya Aprili, ya Agosti na ya Desemba, na hapo ndipo miaka mitatu huwa sita. Mgomo wa wahadhiri wa 2025 peke yake ulikula siku 49.

Kuna mfano wa karibu uliojaribu kuliziba pengo hilo la posho. Januari 2012, Taasisi ya Utafiti wa Jamii ya Makerere, chini ya Mahmood Mamdani, ilianza programu ya uzamifu ya miaka mitano yenye ufadhili, wanafunzi wakisoma na kuandika muda wote badala ya kuiba saa za usiku. Historia ilikuwa miongoni mwa nyanja zake. Naitaja kwa heshima, maana ilionyesha kwamba Afrika Mashariki inaweza kumlipa mtu asome.

Njia ya ng'ambo

Vizazi vya kwanza vya wanahistoria wetu havikuwa na hiari. Bethwell Ogot, aliyefariki Januari 2025, alisomea uzamifu Chuo Kikuu cha London, na kitabu chake kuhusu Wajaluo wa Kusini kikatoka 1967. Isaria Kimambo alisomea Northwestern, Marekani, kisha mwaka 1969 akatoa historia ya kisiasa ya Wapare, jirani kabisa wa Kilimanjaro. Wote wawili waliwaendea wazee wa kwao kwanza, wakakaa, wakasikiliza, wakaandika. Chuo kiliwapa mbinu na muda, lakini swali walitoka nalo nyumbani.

Leo njia ya Marekani ina faida moja ambayo wengi Kajiado hawaijui: programu nyingi za uzamifu wa historia hupokea mwenye shahada ya kwanza moja kwa moja. Uzamili wa shilingi 300,000 na miaka miwili yake unaweza kurukwa. Masomo yenyewe ni marefu, miaka mitano hadi minane, lakini chuo kikikuchukua kwa ufadhili kamili, kwa kawaida kinaahidi miaka mitano ya karo, bima na posho. Miaka mitano kwa kiwango cha dola 40,000 ni shilingi 25,800,000.

Sasa tuhesabu bei ya kubisha hodi. Ada ya maombi katika vyuo vikubwa huwa kati ya dola 75 na 125. Ukiomba vyuo vitano kwa wastani wa dola 90, ni dola 450, sawa na shilingi 58,050. Mtihani wa Kiingereza ni karibu dola 200, au shilingi 25,800. Pasipoti ya kawaida ni karibu 7,500. Jumla 91,350: mishahara minne na nusu ya mwalimu wetu, kabla mtu yeyote hajasoma sentensi yake hata moja. Hapa ndipo wengi hukata tamaa, na hapa ndipo hesabu inapogeuka kwa mtu anayejua kuuliza.

Vyuo vingi husamehe ada ya maombi kwa mwenye kipato kidogo. Hutakiwi kumjua mtu. Unajaza fomu yao au unaiandikia ofisi ya udahili barua pepe ya mistari sita, wiki kadhaa kabla ya tarehe ya mwisho. Vyuo vingi pia havidai mtihani wa Kiingereza kwa aliyesoma shahada yake yote kwa Kiingereza, na Mkenya yumo humo. GRE, mtihani uliokuwa ukigharimu zaidi ya dola 200, idara nyingi za historia zimeuacha. Ukiziondoa ada na mtihani, kinachobaki ni pasipoti, bando la intaneti na gharama ya kupata hati ya matokeo ya chuo chako. Bei ya 91,350 inaweza kushuka hadi chini ya 15,000. Walio karibu na habari hii hulipa kidogo, na walio mbali nayo huambiwa walipe yote.

Mnada wa nafasi

Uwezekano wa kukubaliwa ni mdogo, na sitaupamba. Chukua mfano wa idara inayopata maombi 400 na kutoa nafasi 20. Hiyo ni asilimia 5. Ukiomba vyuo vitano vya namna hiyo, uwezekano wa kukubaliwa angalau kimoja, kwa hesabu ya vitabuni, ni asilimia 22.6. Ukiomba kumi, ni 40.1.

Hesabu hiyo inaficha jambo. Inachukulia kila ombi kama bahati nasibu inayojitegemea, ilhali vyuo vyote vitano vitasoma kurasa zilezile na barua za watu walewale. Kurasa zikiwa dhaifu, ni dhaifu katika maombi yote. Zikiwa imara, huna tena asilimia 5 bali zaidi, kila mahali. Kwa hiyo fedha na muda wa kuongeza ombi la sita na la saba ni afadhali ziende kwenye kurasa.

Tena nafasi zenyewe zinapungua. Novemba 2024 Chuo Kikuu cha Boston, chenye kituo kikongwe cha masomo ya Afrika, kilisimamisha kupokea wanafunzi wapya wa uzamifu katika fani zaidi ya kumi, historia ikiwemo. Mwaka 2025 Harvard ilipunguza nafasi za uzamifu, na idara yake ya historia ikashuka kutoka wanafunzi 13 waliodahiliwa mwaka uliotangulia hadi watano. Katika mfano wetu wa maombi 400, nafasi zikishuka kutoka 20 hadi 8, asilimia 5 inakuwa 2, na maombi matano yanakupa asilimia 9.6 badala ya 22.6. Anayeomba sasa asipange kana kwamba yuko mwaka 2015. Achanganye: Marekani mbili au tatu, Uingereza, Ujerumani, Afrika Kusini, na nyumbani.

Kurasa 25

Ombi la Marekani lina vitu vinne vyenye uzito: maelezo ya lengo lako yasiyozidi maneno 1,000 hivi, barua tatu za waliokufundisha, hati ya matokeo, na sampuli ya maandishi ya kurasa 20 hadi 25. Matokeo hayabadiliki tena. Barua unaweza kuziboresha kidogo, kwa kuwapa waandishi wake kazi yako ya karibuni waisome badala ya kuwaacha wakumbuke alama uliyopata miaka sita iliyopita. Maelezo na sampuli ndivyo vilivyo mikononi mwako kabisa.

Sampuli haiwezi kuwa insha ya chuo iliyopigwa pasi. Iwe na hoja, na hoja isimame juu ya nyaraka ulizozisoma mwenyewe. Kwa mtu wa Kajiado nyaraka hizo zipo Moi Avenue, Nairobi, katika Hifadhi ya Taifa ya Nyaraka, jengo la zamani la benki ambalo watu hulitumia kukutania bila kuingia. Ndani yake mna mafaili ya mkuu wa wilaya, DC/KAJ, na ya mkuu wa mkoa aliyekaa Ngong, PC/NGO. Taarifa za kila mwaka, migogoro ya maji, vibali vya kuhamisha ng'ombe, barua za malalamiko ya wazee zenye alama ya dole gumba. Nakala za filamu za sehemu kubwa ya mafaili ya wilaya na mikoa zilinunuliwa miaka ya 1960 na Chuo Kikuu cha Syracuse, jimbo la New York. Mwanafunzi wa huko anaweza kumsoma mkuu wa wilaya wa Kajiado bila kuvuka bahari. Hawezi kuuliza mtaa mzima wa Rombo kama mkuu huyo alisema kweli.

Tukadirie wiki mbili za kazi hiyo wakati wa likizo. Nauli kutoka Rombo kwenda na kurudi, pamoja na bodaboda, 2,400. Malazi ni kwa jamaa Kitengela. Matatu ya kwenda mjini na kurudi 250 kwa siku, chakula 300, mara siku kumi za kazi: 5,500. Nakala na gharama ndogondogo 2,000. Jumla 9,900. Akifungua mafaili manne kwa siku, anarudi nyumbani amepitia 40, na 40 yanatosha makala moja nzuri ikiwa swali ni jembamba.

Gharama ya wazee huhesabiwa kwa saa. Mahojiano ya saa moja huchukua takriban saa sita kuyaandika neno kwa neno na kuyatafsiri kutoka Kimaa. Wazee watano kwa saa moja na nusu kila mmoja ni saa 7.5 za sauti, na saa 45 za mezani. Kwa tasnifu yenyewe, wazee 20 ni saa 30 za sauti na 180 za kuandika, yaani siku 22 na nusu za kazi za saa nane. Hizo ni sababu tosha za kuanza kurekodi kabla hujaomba chuo chochote. Kila ukurasa ulioandikwa mapema ni ukurasa wa sampuli leo na wa tasnifu kesho.

Na takwimu zenyewe za historia zina kazi ndani yake. Hughes anaandika kwamba kati ya 1911 na 1913 Wamaasai wapatao 20,000 na mifugo isiyopungua milioni 2.5 walihamishwa kutoka kaskazini kuelekea hifadhi ya kusini. Nani aliihesabu mifugo hiyo, na kwa faida ya nani? Wangapi walifia njiani? Mwombaji anayeuliza maswali hayo kwa utulivu katika ukurasa wake wa tatu, akiwa na faili moja na mzee mmoja wanaopingana, amekwisha kuionyesha kamati anachoweza kufanya.

Bei ya kuingia

Majibu ya Marekani hufika Februari na Machi. Vyuo vingi vimekubaliana kwamba mwombaji asilazimishwe kujibu kabla ya Aprili 15. Baada ya hapo chuo hutuma fomu ya I-20 ya kuombea viza, na pesa zinaanza kudaiwa. Ada ya SEVIS, mfumo wa Marekani wa kuwafuatilia wanafunzi wa kigeni, ni dola 350 na ya viza 185: jumla dola 535, shilingi 69,015, zisizorudishwa hata ukinyimwa viza. Tiketi ya ndege ya kwenda tu, tuseme 100,000. Kodi ya mwezi wa kwanza na amana ya nyumba, tuseme dola 1,500, sawa na 193,500, maana posho ya kwanza aghalabu huingia mwezi wa kwanza wa masomo ukiwa umekwisha. Jumla 362,515. Ni mishahara 18 ya mwalimu wetu, na anapewa miezi minne kuipata. Baadhi ya vyuo hutoa mkopo au ruzuku ya kuhamia, na ni lazima kuuliza kabla ya kukubali nafasi, wakati bado wanakutaka.

Uingereza huuma zaidi. Mwanafunzi wa kigeni hulipa ada ya afya pauni 776 kwa mwaka, yote kwa mkupuo mmoja pamoja na ombi la viza. Miaka minne ni pauni 3,104, zinazokaribia shilingi 528,000 kwa kiwango cha 170. Hiyo ni kabla ya viza yenyewe na tiketi. Ufadhili mwingine huirudisha na mwingine hauigusi, na barua ya ufadhili ndiyo ya kusomwa mstari kwa mstari.

Basari ya kaunti na ile ya NG-CDF, mfuko wa maeneo bunge, zimewasomesha maelfu ya watoto wetu shule za upili na vyuo, na sitaki zipunguziwe hata shilingi. Ninachodai ni kifungu kidogo kwa mtu mwenye barua ya ufadhili kamili mkononi. Watu watatu kwa 362,515 ni shilingi 1,087,545. Kila mmoja wao anavuta ufadhili wa 25,800,000 kwa miaka mitano, watatu 77,400,000, mbali na karo. Fedha hizo hazitatumika Rombo, nakubali. Kitakachorudi ni rekodi za wazee, nakala za nyaraka na mtu anayejua kuzisoma, wakati ambapo ranchi za kikundi zinabadilisha hati zake.

Kuna kikwazo cha kalenda ambacho hakihitaji pesa kukitatua. Mwaka wa fedha wa serikali huisha Juni 30. Mwenye barua hudaiwa ada ya SEVIS Mei, viza Juni, tiketi Julai, na masomo huanza mwishoni mwa Agosti. Ombi lake likisukumwa hadi bajeti mpya, na kamati ikaketi Septemba, litajadiliwa darasa likiwa limekwisha kuanza. Kifungu hicho kinapaswa kuwa ndani ya bajeti inayoisha Juni 30, na kamati ipewe mamlaka ya kuamua ndani ya wiki mbili tangu barua ya chuo iwasilishwe.